Kongamano la Mifupa na Lugha ya Mgonjwa

Ni jambo la fahari kuona vyuo vikuu vikiandaa makongamano ya utafiti kuhusu afya ya misuli, mifupa na viungo. Kwa muda mrefu uwanja huu ulifunikwa na kivuli cha malaria, kifua kikuu na Ukimwi, maradhi ambayo huua upesi na kwa hivyo huyavuta upesi macho ya serikali na wafadhili. Goti linalouma halimuui mtu. Humketisha tu barazani, likamnyima shamba, soko na nyumba ya ibada, akawa wa kuinuliwa na kuketishwa na wajukuu, na takwimu za vifo zisimtaje hata siku moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.71 wanaishi na maradhi ya aina hii. Maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo peke yake yaliwapata watu takriban milioni 619 mwaka wa 2020, na watafiti wanatabiri kwamba kufikia 2050 watakuwa milioni 843. Ulimwengu uliwahi hata kuyatengea maradhi haya muongo mzima, Muongo wa Mifupa na Viungo, uliozinduliwa Geneva mnamo Januari 2000 na kuendelea hadi 2010. Kwa hivyo, chuo kinapowakutanisha madaktari wa upasuaji wa mifupa, wataalamu wa tiba ya viungo, wauguzi na wanafunzi wao chini ya paa moja, kinafanya kazi ambayo ilikawia kufanywa.

Hata hivyo, anayeketi katika ukumbi wa mikutano kama hii tangu hotuba ya ufunguzi hadi neno la shukrani hakosi kugundua jambo moja. Kiswahili husikika mara mbili: mgeni wa heshima anapowaambia waliohudhuria karibuni, na wahudumu wa chai wanapoulizana ikiwa mandazi yametosha. Mabango ukutani ni ya Kiingereza. Ikisiri ni za Kiingereza. Maswali na majibu ni ya Kiingereza, hata pale anayeuliza na anayejibu wamekutana asubuhi hiyo hiyo wodini wakizungumza Kiswahili na mgonjwa yule yule. Picha ya eksirei ya nyonga ya mama fulani hurushwa kwenye ukuta, ikajadiliwa kwa nusu saa na watu werevu, na mwenye nyonga yake lau angekuwepo asingeambulia neno.

Wako watakaosema kwamba malalamiko haya ni yale yale ya wapenzi wa Kiswahili, ambao hawaoni kongamano la fani yoyote ila huuliza lugha yao i wapi. Shutuma hiyo ina chembe ya ukweli, kwani utetezi wa Kiswahili nchini Kenya aghalabu umekuwa wa hisia: uzalendo, utamaduni, heshima ya taifa. Hapa hoja ni nyingine kabisa. Hapa kilicho hatarini ni usahihi wa sayansi yenyewe.

Utafiti wa maradhi ya viungo hautegemei damu na eksirei pekee. Kwa kiasi kikubwa hutegemea hojaji, kwa maana maumivu hayana mizani. Hakuna chombo cha kuyapima isipokuwa kinywa cha anayeumwa. Mgonjwa huulizwa maumivu yako wapi, yakoje, huanza lini, humzuia kufanya nini. Hojaji nyingi zilitungwa Ulaya na Marekani kwa Kiingereza, kisha huku zikatafsiriwa, mara nyingine kwa uangalifu unaostahili, yaani mmoja akazitia katika Kiswahili na mwingine asiyeona matini ya kwanza akazirudisha katika Kiingereza ili zilinganishwe. Mara nyingine kwa pupa, usiku mmoja kabla ya kwenda nyanjani. Hapo ndipo mambo huharibika bila yeyote kujua.

Uchukuliwe mfano wa mgongo. Mtafiti anayetaka kujua ni wakulima wangapi wanaumwa na sehemu ya chini ya mgongo huweza kuandika, "Je, unaumwa na mgongo?" Kwa Kiingereza mgongo ni mmoja, juu hata chini. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili, hususan mtu mzima, akiumwa pale palipo juu ya makalio husema anaumwa na kiuno. Ataulizwa juu ya mgongo, atajibu kwa ukweli kabisa kwamba hapana, mgongo wake ni mzima, na jina lake litaandikwa katika safu ya wasio na ugonjwa. Kesho yake atakwenda kulima akiwa amejifunga leso kiunoni ili apate kuinama. Takwimu itakayosomwa kongamanoni itakuwa imekosea, na kosa hilo halitaonekana katika jedwali lolote.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Madaktari hutofautisha aina mbili kuu za maradhi ya viungo, ile inayotokana na kulika kwa gegedu kadiri umri unavyosonga au kiungo kinavyolemewa, na ile ambayo kinga ya mwili yenyewe hugeuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Swali moja linalosaidia sana kuzitenga ni hili: asubuhi mgonjwa anapoamka, viungo hukaza kwa muda gani kabla ya kulainika? Katika aina ya kwanza kwa kawaida haizidi nusu saa. Katika ya pili huenda ikapita saa nzima, na mgonjwa huyo anahitaji dawa mapema kabla vidole havijapinda kabisa. Sasa hali hiyo ya kukaza iitweje? Kiswahili kinasema kukakamaa. Lakini si mara moja ambapo swali hili huulizwa kwa neno ganzi, kwa kudhani kuwa ni yale yale. Si yale yale hata kidogo. Ganzi ni kupoteza hisia, nayo humpeleka daktari kwenye neva. Kukakamaa ni kukataa kukunjika, nako humpeleka kwenye kiungo. Neno moja limebadilishwa na mgonjwa ameelekezwa mlango usio wake.

Kuna pia mshipa, neno ambalo limewatesa madaktari wengi. Mgonjwa akisema mshipa umevuta, huenda anataja kano, huenda neva, huenda mshipa wa damu, na katika baadhi ya sehemu za pwani huenda anataja ngiri, ambayo hana haja ya kuitaja waziwazi mbele ya mkwewe aliyemsindikiza. Mguu nao huanzia pajani na kuishia kwenye vidole, na mkono vivyo hivyo tangu begani. Huu si upungufu wa lugha. Kila lugha huukata mwili mahali inapoona panafaa. Tena Kiswahili kina utajiri wake ambao Kiingereza cha hospitalini hakina: maumivu huwaka, huchoma, hudunga, hupwita, huvuta, hufukuta, na kila kitenzi kina maana ambayo sikio lililofunzwa lingeitumia kama daktari anavyotumia kipimajoto. Nani amewahi kuviorodhesha vitenzi hivi na kuvilinganisha na maradhi? Hiyo ni kazi ya kongamano, na haifanyiki kwa sababu wenye sikio hawaalikwi na wanaoalikwa hufikiria kwa lugha nyingine.

Jibu linalotolewa kila mara ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Watetezi wa jibu hili hupenda kutaja baridi yabisi. Wanasema, na si uongo, kwamba jina hilo humpotosha mgonjwa. Yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kavu. Jina zima limebeba mabaki ya tiba ya kale ya Kiyunani, iliyofika pwani kupitia kwa Waarabu, ambayo iliugawa mwili katika damu, belghamu na nyongo za aina mbili, na kuyapima maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Mgonjwa anayeambiwa ana baridi yabisi huamini kwamba baridi ndiyo iliyomwingia mifupani. Atavaa sweta Mombasa mwezi wa Februari, ataacha kuoga maji ya bomba, na dawa aliyopewa ataiweka kando kwa kuwa haikumpasha moto. Kwa hivyo, huhitimishwa, afadhali kusema athritisi na kuachana na mambo ya kale.

Hoja hii ingekuwa na nguvu zaidi lau Kiingereza chenyewe kingekuwa kimejisafisha. Jina ambalo Waingereza huliita tawi zima la tiba ya viungo limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kutiririka, kwa kuwa wahenga wao waliamini kwamba majimaji mabaya hutiririka mwilini na kutua viungoni. Ugonjwa ambao kamusi za Kiswahili huuita jongo, wao huuita kwa neno lililotokana na tone la Kilatini, kwa imani ile ile ya majimaji kudondoka. Malaria ni hewa mbaya ya Kiitaliano. Hakuna profesa aliyejiuzulu kwa sababu kitengo chake kimepewa jina la nadharia iliyokufa. Jina huishi, maarifa hubadilika ndani yake, na mgonjwa hufundishwa maana mpya na yule anayejua kuzungumza naye. Baridi yabisi ingeweza kupitia njia hiyo hiyo. Kinachokosekana ni mazungumzo.

Isitoshe, historia ya maradhi ya viungo katika Afrika Mashariki inaonyesha kinyume cha dhana kwamba lugha za wenyeji hazina la kuipa sayansi. Mnamo 1952 na 1953 homa ngeni ililipuka katika uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Newala, katika Tanganyika ya wakati huo. Iliwakunja watu kwa maumivu ya viungo hata wakashindwa kusimama wima. Madaktari Robinson na Lumsden walipochapisha taarifa zake mwaka wa 1955, hawakuiita kwa jina la daktari wala la mto, bali kwa neno walilolisikia kwa Wamakonde wenyewe: chikungunya, linalotokana na kitenzi chenye maana ya kujikunja. Miaka michache baadaye, mnamo 1959, homa ya jamaa yake ilizuka kaskazini mwa Uganda, ikasambaa katika kanda nzima na kuwapata watu wapatao milioni mbili. Hiyo nayo ikaingia vitabuni kwa jina la Kiacholi, o'nyong'nyong, ambalo hufasiriwa kuwa mvunja viungo. Maabara za Paris, Atlanta na Delhi hutamka majina haya leo bila kusita. Hayakuteuliwa kwa huruma. Yaliteuliwa kwa sababu aliyeugua alikuwa ameshaieleza dalili kuu kwa neno moja, na mtafiti alikuwa na busara ya kusikiliza.

Kejeli iko katika yaliyofuata. Vitabu vingi vya tiba viliandika kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili, kosa ambalo lingesahihishwa na mwanafunzi yeyote wa isimu lau angeulizwa. Na Wamakonde walioishi Kwale kwa miongo kadhaa walisubiri hadi 2017 kabla ya serikali ya Kenya kuwatambua rasmi kuwa kabila la arubaini na tatu la nchi hii. Neno lao lilikuwa limezunguka dunia kwa zaidi ya miaka sitini bila pasipoti. Ugonjwa wenyewe ulibisha hodi Lamu mwaka wa 2004, na uchunguzi wa damu uliofanyika mwaka huo ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kutoka hapo ulifika Mombasa, ukavuka hadi Komoro, Réunion na India, na Mombasa ukarudi tena mwishoni mwa 2017. Baadhi ya waliopona homa walibaki na maumivu ya viungo kwa miezi, wengine kwa miaka. Wakazi hao ni wazungumzaji wa Kiswahili kwa kuzaliwa. Kama kuna mahali ambapo utafiti wa viungo ungepaswa kufanywa na kuripotiwa kwa Kiswahili, ni hapo.

Kwa kweli Kiswahili hakifukuzwi kabisa katika utafiti. Kamati za maadili hudai kwamba fomu ya ridhaa iandikwe kwa lugha ambayo mshiriki anaielewa, na kwa hivyo fomu hutafsiriwa, mgonjwa akasomewa, akatia sahihi au kidole gumba. Damu ikachukuliwa, goti likapigwa picha, maswali yakajibiwa. Baada ya hapo lugha ya mgonjwa hukunjwa na kuwekwa kabatini pamoja na fomu. Matokeo hutangazwa kongamanoni kwa lugha nyingine, huchapishwa katika jarida linalouzwa kwa dola, na aliyetoa goti lake hapati hata ukurasa mmoja wa kumwambia kilichogunduliwa. Kiswahili huitwa wakati wa kuchota, wakati wa kugawa hakiitwi.

Madhara yake hayako mbali. Takriban mtoto mmoja kati ya 1,000 huzaliwa akiwa na mguu uliopinda kuelekea ndani. Tiba yake inajulikana na si ghali: mguu hunyooshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta inayobadilishwa kila juma kwa majuma kadhaa, mara nyingi kano ya kisigino ikakatwa kidogo, kisha mtoto akavalishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, usiku baada ya usiku, hadi afike umri wa miaka minne hivi. Mguu ukishanyooka, mzazi huona kazi imekwisha. Mtoto hulia usiku, viatu huvuliwa, na baada ya miezi mguu hurejea ulivyokuwa. Watafiti huandika kwamba wazazi hawafuati maagizo. Swali ambalo halipati nafasi ni iwapo maagizo yalitolewa kwa lugha ambayo mama angeweza kuibebea hoja mbele ya mama mkwe anayesema mtoto anateswa bure. Agizo analikumbuka. Sababu hakupewa.

Wengine huenda kwa mganga wa mifupa, na si kwa ujinga. Kuganga ni kuunga kilichovunjika, gango ni kile kijiti kinachofungiwa mfupa ukae sawa, na mganga kwa asili yake ni mtu wa kazi hiyo. Anayekwenda kwake huelezwa kwa lugha yake mfupa umevunjika wapi na utakaa muda gani. Wapo wanaopona. Wapo pia wanaofungwa kwa nguvu hadi damu ikakosa njia, mkono ukaoza, na kufikishwa hospitalini ukiwa haufai ila kukatwa. Kila kongamano hutaja visa hivi kwa kusikitika. Ni nadra kuulizwa kwa nini mganga anaeleweka na daktari haeleweki. Wengine nao hununua dawa za kutuliza maumivu dukani, za miezi na miezi, bila kujua kwamba zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Onyo limo ndani ya pakiti, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza.

Na kuna wale ambao maumivu yao yalifika mbali kuliko wao. Mnamo 2022 mahakama moja ya Scotland iliruhusu kundi kubwa la wachuma chai wa Kericho kuendesha kwa pamoja madai kwamba miaka ya kubeba mizigo na kuinamia mashamba iliwaumiza migongo. Mwaka uliofuata majaji wa rufaa wa huko waliamua kwamba madai hayo yapitie kwanza utaratibu wa Kenya wa fidia ya majeraha kazini. Lolote litakalofuata, kesi ya namna hiyo husimama au huanguka kwa maelezo: maumivu yalianza lini, mahali gani, kwa kazi ipi. Mwenye kuumwa anapoeleza kwa lugha yake na hukumu ikaandikwa kwa nyingine, kuna mtu katikati anayeamua kama kiuno ni mgongo.

Lawama haipaswi kuishia kwa madaktari. Wanafunzi na walimu wa Kiswahili wana sehemu yao, nayo si ndogo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990, na kamusi ya tiba mwaka wa 2003. Ni wanafunzi wangapi wa uuguzi nchini Kenya waliowahi kuishika mojawapo? Istilahi huzaliwa katika semina, hutetewa kwa shauku katika tasnifu, na kuzikwa kwenye rafu za maktaba bila kusikika wodini hata siku moja. Vyama vya Kiswahili huandaa tamasha za mashairi na midahalo juu ya fasihi simulizi, mambo mema yote, ilhali umbali kati ya idara ya lugha na shule ya tiba katika chuo kimoja huwa wa dakika kumi kwa miguu na hakuna anayeutembea. Katiba ya 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Tangu hapo wapenzi wa Kiswahili wamelala usingizi wa ushindi, kana kwamba kifungu cha katiba huweza kuuliza swali hospitalini.

Haidaiwi hapa kwamba Kiingereza kiondolewe. Mtafiti wa Eldoret lazima asomwe Osaka, na wageni wanaoalikwa wana haki ya kuelewa. Wala Kiswahili si jibu kwa kila mgonjwa. Mzee wa Marsabit au Siaya huenda akahitaji lugha ya mama yake kwanza. Yanayowezekana ni madogo na hayahitaji mfadhili. Kila ikisiri iandikwe pia kwa Kiswahili, maneno 200, na mwandishi mwenyewe akisaidiwa na mwanafunzi wa lugha. Atakayeshindwa kueleza matokeo yake kwa Kiswahili atakuwa amegundua jambo kuhusu uelewa wake. Kikao kimoja, japo cha alasiri, kiendeshwe kwa Kiswahili na wagonjwa wakiwemo, si kama vielelezo bali kama watu wanaoweza kumsahihisha msemaji akitaja mgongo ilhali ni kiuno. Hojaji isipelekwe nyanjani kabla ya kupitiwa na mtu aliyesomea tafsiri. Na kila mshiriki wa utafiti apelekewe ukurasa mmoja wa matokeo kwa lugha ile ile aliyotilia sahihi.

Tangazo la kualika ikisiri kwa kawaida hutoka miezi kadhaa kabla ya kongamano, nalo hutayarishwa na kamati ya watu wachache katika ofisi iliyo wazi kwa yeyote. Mwenyekiti wa chama cha Kiswahili chuoni anaweza kubisha hodi hapo juma hili, akiwa na nakala ya hojaji ya mwaka uliopita na kalamu nyekundu.